Joto la gereji: daftari kwanza, hita baadaye

Jioni moja ya Januari misumari ya dari la gereji ya shemeji yangu ilikuwa ikitona maji. Haikuwa mvua. Nje kidogo ya St. Cloud, Minnesota, kipimajoto kilionyesha nyuzi 22 chini ya sifuri, na theluji ilikuwa imeganda kama jiwe. Shemeji alikuwa chini ya gari la mteja akibadilisha breki za nyuma. Karibu na miguu yake ilinguruma hita ya propani, ile ya duara ndefu kama mzinga wa nyuki, inayotupa moto mbele kwa feni. Mlango wa gereji alikuwa ameuinua kiasi cha kiganja, hewa ipate kuingia.

Nilikuwa nimempelekea chai. Alijivuta kutoka chini ya gari polepole mno, akakaa juu ya tairi na kushika kichwa.

"Shemeji, leo kichwa kinanigonga tangu alasiri."

Kabla sijamjibu, kengele ya kaboni monoksidi ilianza kulia ndani ya nyumba, karibu na chumba cha watoto. Tulitoka wote mbio, watoto wakiwa na soksi tu miguuni, tukajibana ndani ya gari langu hadi wazimamoto walipofika na vipima hewa vyao. Hakuna aliyelazwa. Lakini usiku ule nilifungua daftari, na kwa wiki tatu nilipiga simu, nikauliza bei na kufanya hesabu za kupasha joto gereji. Ninayoyaandika hapa yametoka humo. Nawaandikia hasa Waswahili wenzangu tulioangukia kwenye baridi hii, tukanunua nyumba yenye gereji ya magari mawili, na tukataka kuifanyia kazi ya maana hata Januari.

Kwanza niseme kuhusu ile hita ya mzinga, kwa sababu wengi wetu huanza nayo. Dukani inauzwa dola 120 au 150, haihitaji fundi, unaunganisha mtungi na kuwasha. Tatizo ni kwamba kila kinachotoka kwenye moto wake kinabaki humo ndani pamoja nawe. Propani ikiungua vizuri hutoa kaboni dioksidi na maji, na maji yenyewe si haba: kila kilo ya propani inayoungua inatoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke wa maji. Hita ya BTU 60,000 kwa saa (BTU ni kipimo cha joto) ikiwaka kwa muda wa saa nne inamwaga hewani karibu lita nane za maji. Mvuke huo unapanda, unakutana na misumari na mabati yenye baridi, unageuka matone. Ndiyo mvua niliyoiona darini. Spana za shemeji zilikuwa zimeota kutu ndani ya msimu mmoja, na alikuwa akilaumu kiwanda kilichozitengeneza.

Hewa ikipungua, moto hauungui vizuri tena, na hapo ndipo kaboni monoksidi inapoanza. Haina harufu wala rangi. Inashikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, kwa hiyo mtu anakosa pumzi huku anapumua. Kule nyumbani tunaijua kwa jina la jiko la mkaa lililoingizwa chumbani usiku wa baridi, Limuru au Njombe, familia ikakutwa asubuhi haiamki. Hapa Marekani watu zaidi ya 400 hufa kila mwaka kwa sumu hiyo bila hata nyumba kuungua. Mlango ulioinuliwa kiganja kimoja si dawa. Na sheria ya Minnesota inayotaka kengele hiyo iwe ndani ya futi 10 za kila chumba cha kulala ndiyo iliyotuokoa usiku ule.

Basi hita isiyo na bomba la kutolea moshi naiondoa kwenye ulinganisho huu kama chombo cha gereji iliyofungwa. Ina nafasi yake: kwenye ujenzi wa wazi, au unapopasha injini ya trekta uwanjani.

Hata kwa pesa, haina unafuu watu wanaoufikiria. Mtungi mdogo wa kubadilishana dukani unaitwa wa ratili 20, lakini mingi hujazwa ratili 15 tu, na hilo limeandikwa kwenye lebo kwa herufi ndogo. Ratili 15 ni kama galoni tatu na nusu. Ukilipa dola 22, umenunua propani kwa zaidi ya dola 6 kwa galoni. Lori linalojaza tangi kubwa uani linaiuza kwa dola 2 hivi miaka ya kawaida. Yaani shemeji alikuwa akilipa mara tatu ya bei ya jirani yake kwa gesi ile ile, na kila Jumamosi anabeba mitungi kwenye buti.

*

Ndugu zangu wa nyumbani wakisikia propani wanadhani ni gesi ya kupikia tunayoijua. Ni jamaa yake. Mitungi ya Afrika Mashariki huwa na mchanganyiko wa butani na propani, na butani ndiyo nyingi. Butani huacha kugeuka kuwa mvuke joto likikaribia sifuri, kwa hiyo mtungi wa Nairobi ukiuweka uani kwetu Januari ungekaa kimya hata ukiwa umejaa. Propani huendelea kutoa mvuke mpaka nyuzi 42 chini ya sifuri. Ndiyo sababu vijiji vya huku, ambako bomba la gesi asilia halijafika, vinaishi kwa matangi meupe ya propani.

Swali la kwanza la kujiuliza basi ni hilo: bomba la gesi asilia linapita barabarani kwako? Likiwapo, funga mjadala. Hakuna kinacholifikia kwa bei. Nimeweka kila nishati kwenye mizani moja: gharama ya joto la BTU milioni moja linalobaki gerejini kweli, baada ya kutoa linalopotea kwenye bomba la moshi. Gesi asilia kwa bei ya dola 1 kwa themu, kipimo cha gesi kwenye bili, inakuja kama dola 12. Propani ya tangi kwa dola 2 kwa galoni ni 27. Umeme wa kawaida kwa senti 15 kwa uniti ni 44. Ile ya mtungi wa kubadilishana ni 68, na hiyo nimeihesabu bila kutoa chochote kwa ajili ya bomba la moshi, maana hita yake haina. Naam, mtungi wa dukani ni ghali kuliko umeme.

Kuna pia pampu ya joto, ambayo ni kiyoyozi kinachofanya kazi kinyumenyume: inachukua joto la nje, hata kama ni kidogo, na kuliingiza ndani. Kwa wastani wa majira ya baridi yetu nimeihesabia dola 22 kwa BTU milioni, na kiangazi inakupoza. Lakini kuifunga na fundi nilitajiwa kati ya dola 3,500 na 5,000, na usiku wa nyuzi 30 chini ya sifuri nguvu yake hupungua wakati ule ule unapoihitaji zaidi. Kwa mtu anayeishi humo ndani, mathalani aliyegeuza gereji kuwa ofisi, ningeipendekeza bila kusita. Kwa fundi wa magari anayefungua mlango mkubwa mara tano kwa siku, hapana.

Bei hizi hazikai mahali pamoja. Anayetegemea propani lazima ajue habari ya majira ya baridi ya 2013 hadi 2014. Vuli ile mahindi yalivunwa yakiwa na unyevu mwingi na kwa kuchelewa, na wakulima wa huku hukausha mahindi kwa propani. Bomba la Cochin lililoleta propani kutoka Kanada lilikuwa limesimamishwa kwa matengenezo. Kisha baridi kali ikaingia. Mwishoni mwa Januari 2014 wastani wa bei katika majimbo ya kati ulipita dola 4 kwa galoni. Kwa bei hiyo hata umeme wa kawaida ulikuwa nafuu. Nimefanya hesabu ya mpaka wenyewe: kwa umeme wa senti 15, propani inashinda ikiwa chini ya dola 3 na senti 20 hivi. Ikipita hapo, inashindwa. Ndiyo maana wenyeji hulipia gesi ya msimu mzima Julai au Agosti, bei ikiwa imelala.

*

Nilipofika hapa, kwa kuwa bomba la gesi asilia halipiti kwetu, nilidhani kazi imebaki kuchagua kati ya propani na umeme. Fundi mmoja mzee, aliyekuja kwa shemeji kutoa makadirio, alinitoa kwenye haraka hiyo. Hakutazama hata mahali pa kutundika hita. Alizima taa, akatuonyesha ukingo wa mlango mkubwa: mwanga wa barabarani ulikuwa ukiingia pande zote mbili na chini, mwembamba kama kisu. Kisha akagonga ukuta. Mbao tupu, na nyuma yake ubao wa nje. Juu hakukuwa na sufi yoyote ya kuzuia baridi.

Nikarudi kwenye daftari. Gereji ya futi 24 kwa 24, ndani nyuzi 10, nje nyuzi 23 chini ya sifuri. Ikiwa tupu vile, kwa hesabu yangu inavuja kama BTU 54,000 kila saa. Ukijaza sufi ya glasi kwenye kuta, ukafunika dari vizuri, ukavisha mlango raba mpya, inavuja kama 16,000. Hiyo si tofauti ya kuokoa senti mbili tatu. Inabadilisha aina ya hita unayohitaji. Gereji ya kwanza haipashiki kwa umeme wa nyumbani bila kuvamia boksi zima la breka. Ya pili, hita ya umeme ya kilowati 5, yenye BTU 17,000, inaibeba hata siku hiyo mbaya.

Vifaa vilitugharimu kama dola 1,400 kwa gereji ya shemeji, kazi tukaifanya wenyewe na vijana wa kanisani kwa Jumamosi mbili na sufuria kubwa ya pilau. Anayeuliza aanzie wapi kama ana dola 1,500 tu mwaka huu, jibu langu ni hapo. Hita isubiri mwaka ujao, yeye avae koti.

*

Sasa hita ya propani yenyewe, ile inayofungwa kwa utaratibu. Inatundikwa darini kwenye kona, ina feni, na moshi wake unatoka nje kwa bomba. Ziko za namna mbili. Ya kawaida huvuta hewa ya kuunguzia kutoka humo humo gerejini; ya BTU 45,000 niliikuta kati ya dola 600 na 1,000. Ya pili imefungwa kabisa: bomba moja linaleta hewa kutoka nje, lingine linatoa moshi, na moto hauonani na hewa ya gereji. Hiyo ni dola 1,100 hadi 1,500.

Kwa gereji ya kuegesha gari na kurekebisha baiskeli za watoto, ya kawaida inatosha. Kwa shemeji nilishikilia ya pili, na tulibishana.

"Dola mia tano zaidi kwa ajili ya bomba moja, shemeji?"

Nikamwonyesha rafu yake: petroli, rangi, na makopo ya dawa ya kusafishia breki. Mvuke wa petroli ni mzito, unatambaa chini sakafuni ukitafuta cheche, na ndiyo sababu kanuni za ujenzi zinataka moto wowote wa gereji uwe angalau inchi 18 juu ya sakafu. Dawa za breki zenye klorini ni mbaya kwa namna yake: mvuke wake ukipita kwenye moto unageuka gesi ya sumu, na unakula chuma cha hita mpaka kinatoboka. Hita isiyovuta hewa ya chumbani inaepuka hayo kwa sehemu kubwa. Alikubali. Tulibadilisha pia dawa, tukachukua isiyo na klorini.

Jambo jingine ambalo mnunuzi wa mtandaoni hulikosa: hita nyingi hutoka kiwandani zikiwa za gesi asilia. Kuzitumia kwa propani kunahitaji kubadilishwa nozeli na kurekebishwa presha. Fundi alinipa nozeli mbili nizishike kiganjani, za shaba, ndogo kama punje za mahindi. Tundu la propani ni jembamba waziwazi, maana ujazo ule ule wa propani una joto zaidi ya mara mbili ya gesi asilia. Ukiacha nozeli ya zamani, moto unakuwa mkubwa kupita kiasi, masizi yanajaa, kaboni monoksidi inatoka. Vifaa vya kubadilishia wakati mwingine vimo ndani ya boksi, wakati mwingine vinauzwa kando. Uliza kabla ya kulipa.

Makadirio matatu tuliyopewa kwa kazi nzima yalikuwa dola 1,450, dola 2,600 na dola 3,200. La kwanza lilitufurahisha mpaka nilipolisoma mara ya pili. Halikuwa na kibali cha ujenzi, wala regulata, wala kuunganisha bomba kutoka tangini. Yakiongezwa hayo, lilikuwa limelipita la pili. Omba kila fundi aandike mambo manne kwa majina: hita, mabomba ya moshi, njia ya gesi pamoja na kupimwa uvujaji, na kibali pamoja na ukaguzi. Asiyetaka kuandika, mshukuru na umsindikize.

Tangi ndilo linalowafunga wengi bila kujua. Kampuni hukukodisha kwa pesa kidogo, pengine bure, na inaonekana ni ukarimu. Lakini tangi la kampuni hujazwa na kampuni hiyo peke yake. Bei ikipanda huna pa kwenda. Ukinunua lako unaweza kupiga simu tatu kila vuli na kuchukua aliye nafuu. Waulize pia ada ya safari, kiwango cha chini cha kujaza, na wanatoza nini tangi likikauka, kwa sababu likikauka lazima wapime uvujaji upya kabla ya kuwasha, na kazi hiyo ina bili yake. Galoni 500 lazima likae futi 10 kutoka ukuta wa nyumba; dogo la galoni 120 linaweza kukaa ubavuni mwa nyumba, ila tundu lake la kupumulia liwe mbali na madirisha na chochote chenye moto. Na usidanganyike na mtungi mdogo kwa hita kubwa: propani inahitaji chuma kipana kinachoguswa na kimiminika ili ichemke, na mtungi mdogo siku ya baridi kali huishiwa nguvu hata ukiwa na gesi. Mtungi wa ratili 20 haulali gerejini pia, hata ukiwa mtupu. Mahali pake ni nje.

*

Kwa nyumba zetu mbili majibu yamekuwa tofauti.

Shemeji anafanya kazi jioni sita kwa wiki baada ya zamu yake kwenye nyumba ya wazee, na ana rangi na maji yasiyotakiwa kuganda, kwa hiyo gereji yake haizimwi kuanzia Desemba hadi Machi. Nyumba yake tayari ilikuwa na tangi la propani la galoni 500. Alilipa dola 2,600. Nimemkadiria galoni 340 kwa msimu, yaani dola 680 kwa bei ya dola 2. Joto lile lile kwa umeme lingemla kama dola 1,090, ingawa kufunga hita ya umeme kungemgharimu kama dola 950 tu. Tofauti ya kufunga, dola 1,650, anairudisha kwa miaka minne hivi. Kwake propani ina maana.

Mimi nashona. Gereji yangu nimeijaza sufi kama yake, lakini naingia Jumamosi tu, kukata vitambaa na kufunga maboksi ya kutuma Mombasa. Nilifunga hita ya umeme ya kilowati 5, dola 260 dukani na dola 540 za fundi umeme kwa waya na breka ya ampea 30. Kwa muda wa saa nane za Jumamosi, ikiwaka bila kupumzika, inakula uniti 40, dola 6. Jumamosi 18 ni dola 108. Propani ingenipunguzia kama dola 40 kwa mwaka, na kwa tofauti ya kuifunga ningehitaji zaidi ya miaka 40 kuirudisha.

Upungufu wake ni mmoja, na ni wa kweli: ni ya polepole. Hita ya shemeji inageuza hewa ya gereji kwa dakika 20. Yangu inahitaji saa mbili, na sakafu ya zege hubaki na baridi hata baada ya hapo. Nimeifungia saa ya kujiwasha. Inaanza saa moja asubuhi nikiwa bado jikoni, nimeweka ubao na kapeti nzito chini ya cherehani, na ikifika saa tatu mkasi haunichomi tena vidole.